Sauti za Katwe si za kompyuta

Proscovia, nakuona moja kwa moja kwenye Facebook, umekaa studio ya redio karibu na Fred mtangazaji, ukainamia simu kama mutu asiyejua kitu.

Fred anaichambua albamu yetu mpya, Kasese nzima inasikiliza. Anasema gitaa zinaelea kama ndoto, sawa. Lakini wale akina mama wanaoimba nyuma, eti ni kompyuta. Kompyuta.

Wewe ndiye uliyewarekodi. Kule ziwa la chumvi la Katwe, kwa simu yako, wakitoa chumvi, maji magotini. Sophie, mama yake Benedicte, ndiye anayeanzisha wimbo. Tulimzika Bwera mwezi wa nne.

Na huyo Fred alijifunza kupiga kwa gitaa langu mwaka 2016. Sijasahau.

Benedicte ameshika laptop hapa. "Kama mama yangu iko kompyuta, naifuta albamu yote leo."

Nikamwambia, subiri, Proscovia atasema.

"Si amenyamaza?"

Umenyamaza. Wewe uliyesimama kwenye maji yale.

Kipindi kinaisha saa saba. Rekodi iko kwenye simu uliyoshika. Usinijibu mimi. Mpe Fred aipige hewani sasa, na umtaje Sophie kwa jina.