Alama Zilizofutwa kwenye Kasha la Tepu

Mjomba mpendwa,

Tangu ulipostaafu ukaniachia chumba hiki cha tepu za kumbukumbu, swali linalonisumbua ni moja: kinachougua ni tepu au ni mashine? Nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu, magoti yamemlegea, ulimi bado.

Wiki hii kompyuta yetu kongwe imekataa mara nne kusoma tepu ya matokeo ya mitihani ya mwaka aliohitimu mwalimu mmoja. Huja kila asubuhi, kwani asipopata nakala kufikia Ijumaa, shule itampa mwingine nafasi yake. "Dada, hiyo mashine yenu imenisusia mimi tu?" aliniuliza jana. Nilimwambia arudi kesho, na nimechoka kumwambia hivyo.

Ulinifundisha kwamba kila usomaji ukishindwa niweke alama ya penseli kwenye kasha, na alama zikifika tatu tepu inanakiliwa upya kabla haijafa. Kabla sijaweka zangu za wiki hii, kasha la tepu hii halikuwa na hata moja. Nililipeleka dirishani, nikaona makovu ya alama zilizofutwa kwa ufutio. Nasita kukushuku; pengine ni macho yangu, na najua tepu mpya za kunakilia hazikuwa zikiletwa. Lakini ufunguo wa kabati la tepu ulikuwa nao wewe peke yako.

Naandika kwa sababu kwenye simu ungenichekesha tukaagana bila jibu. Dereva wa ofisi aliyekuletea barua hii atasubiri jibu lako. Kama ni tepu au mashine, bado sijui, na sithubutu kujaribu tena, maana kila jaribio linazidi kuikwangua tepu, na huenda limebaki moja; idadi ya alama za zamani ndiyo itakayoniambia.

Ulifuta ngapi? Sitauliza kwa nini.

Mpwa wako,
mrithi wa penseli yako