Spika ya Nyuma Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Vipi jino? Natumaini barua hii itakukuta limeshang'oka au limeshakusamehe, na kwamba unakula kama mtu, si kama ulivyokuwa ukila hapa wakati wa mitihani. Sisi huku ni wazima, ukiacha mafua ya mama na hasira zangu, ambavyo vyote viwili vimekataa kupona. Baba anakusalimu. Yaani, hajanituma, maana hajui kwamba naandika, lakini angejua angekusalimu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, si unanijua? Kwenye simu huwa bubu, hasa ikiwekwa mezani kwa sauti ya juu na kila mtu anachangia lake. Hili nililo nalo siwezi kulisema huku mama akikuuliza kama soksi zimefika.

Ni habari ya spika. Najua umeshacheka. Lakini ulipoondoka uliniachia kazi yako bila kuniuliza, na mimi ndiye ninayekaa na baba kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sebule iko vilevile mlivyoipanga: spika tatu mbele, mbili nyuma, lile sanduku la besi pembeni ya kochi, na utepe mwekundu sakafuni kuonyesha miguu ya kiti chake ikae wapi. Ole wake atakayekisogeza hata kwa upana wa kidole. Mama anasema yeye aliolewa ndoa ya mke mmoja, akaja kukuta wenza sita sebuleni, tena wenza wenyewe hawaoshi hata kikombe.

Albamu zimefika arobaini na tatu. Zote ni roki ya zamani, zile zile alizokuwa nazo kwenye kaseti akiwa kijana, ila sasa mafundi wa studio wamezichanganya upya ili sauti zitoke pande zote: ngoma mbele, kinanda ubavuni, gitaa nyuma ya kisogo. Bado anaziita kwa picha za majalada yake, ya Ngazi, ya Mbwa Wawili, ya Mwavuli. Sitakudanganya, mimi pia nazipenda. Katika ile ya Mwavuli, wimbo wa tatu, kuna gitaa linaloanzia nyuma kushoto, peke yake, polepole, kama mtu anayetoka jikoni akitaka kusema jambo kisha anaghairi mlangoni. Nilipolisikia mara ya kwanza nilijiambia, huyo ni mimi.

Sasa sikiliza. Mwezi wa pili lilifika toleo jipya la Mwavuli. Baba akanawa mikono, akakaa kitini, akafumba macho. Wimbo wa tatu ulipoisha akasema wameiharibu, nyuma kushoto hakuna kitu, gitaa liko mbali kama linapigwa kwa jirani. Wiki iliyofuata Mbwa Wawili nayo ikawa imeharibika. Halafu Ngazi, ile aliyoisifu mwaka mzima hadi tukaomba radhi. Diski haiozi kama ndizi, kaka. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka.

Lakini baba hakushtuka, alikasirika. Na kwa kuwa nimesomeshwa kwa lugha mbili, hasira zake zote zinapitia kwangu. Kuna tovuti ya wakusanyaji wa albamu hizi, watu wa kila pembe ya dunia, wanaandikiana kwa Kiingereza. Yeye anatamka, mimi naandika. Anasema niwaambie hao mafundi wa studio kwamba walikuwa wamelala na miguu juu ya mitambo. Mimi naandika kwamba huenda kukawa na dosari ndogo. Wenzake wakajibu kwamba kwao nyuma kushoto ndipo penye utamu wote. Baba akasema wamehongwa.

Akaitwa fundi wa redio, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja mara mbili. Akaipima spika, akasema iko hai kuliko yeye mwenyewe. Baba akamwita kanjanja. Fundi akakunja vifaa vyake taratibu, akasema katika miaka yote ya kazi ametukanwa na wenye spika mbovu, lakini kutukanwa na mwenye spika nzima ndiyo mara ya kwanza. Baba akahamisha spika ya kulia kuiweka kushoto. Wapi! Akafunua zulia, akabadilisha nyaya. Mimi Jumapili zote hizo nimepiga magoti nyuma ya kochi nikishika ncha ya waya, vumbi puani, mtihani wangu uko mlangoni na sijafungua daftari. Nikisema nimechoka, anajibu kwamba nisizime, kana kwamba ndicho nilichouliza. Mama akapita na ndoo akasema sikio la kufa halisikii dawa. Alimaanisha ubishi wake tu. Mimi nilitamani kuingia chini ya zulia.

Hata wewe ulilalamika. Ulimweleza kwenye simu kwamba wamekuhamishia zamu ya asubuhi, akakujibu kwamba asante, nawe pia. Uliniandikia kuuliza kama amekukasirikia. Yeye alisema mtandao ni mbovu. Mtandao mbovu, diski mbovu, fundi mbovu. Dunia nzima imeharibika upande mmoja, na yeye tu ndiye mzima.

Kisha ikaja Alhamisi hii. Unajua pale ghalani kazini kwa baba madereva wa foklifti za kunyanyulia kreti ni wawili, yeye na Kipara. Baba alikuwa ameshuka chini kukagua kreti zilizopangwa vibaya. Kipara akawa anarudi nyuma na mzigo wa chupa kutokea upande wa kushoto wa baba. Akapiga honi. Akapiga tena. Baba hakugeuka. Kipara akakanyaga breki, kreti zikamwagika, na baba akarudi nyumbani na bandeji kwenye ugoko, akimlaani Kipara kwa kuendesha mashine yenye honi iliyokufa. Ijumaa Kipara alikuja kumwona. Baba alikuwa amelala, akakaa na mama barazani. Alisema honi ile ilisikika mpaka kwa mlinzi getini, akauliza mzee mwenzake siku hizi anawaza nini. Mama akacheka, akasema anawaza wake zake sita. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikucheka.

Kaka, sasa nasema, na ukisoma kaa chini. Mimi nilijua.

Nilijua tangu mwezi wa tano. Mmoja wa wale wakusanyaji, mtu mzima, mwenye picha ya paka badala ya sura yake, aliandika kwa upole sana. Alisema baba yake mwenyewe alianza hivyo hivyo, na kwamba bwana huyu asipoteze muda na mitambo, akapime sikio la kushoto. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisubiri. Nilisoma ule ujumbe mara mbili, nikafungua mdomo, na nilichomtafsiria ni kwamba yule bwana anashauri akague waya wa kushoto. Baba akapiga makofi ya furaha, akasema hatimaye amepatikana mwenye akili. Ndiyo maana zulia liling'olewa. Tena akaniamuru nimwandikie shukrani, nami nikaandika.

Na si hilo tu. Kwenye rimoti kuna mahali pa kuongeza sauti ya spika moja moja. Kila Jumapili, kabla hajaingia sebuleni, niliipandisha ile ya nyuma kushoto namba moja. Wiki ya pili akatabasamu, akasema unaona, ni waya. Nikajiona mwerevu. Ikafika tano, ikafika nane. Jumapili iliyopita ilifika kumi, na kumi ndiyo mwisho, haipandi tena. Mama alilalamika kwamba kona ile inampasua kichwa. Baba akasema ugonjwa wa diski umerudi.

Usiniulize kwa nini. Niliogopa kwamba mwenye sikio moja haruhusiwi kuendesha foklifti. Niliogopa kuwa mimi ndiye wa kumwambia. Na pale kwenye spika ndipo mahali pekee ambapo mimi na yeye tunakaa pamoja bila mtu kunidai maneno. Lakini kama ningetafsiri neno moja kama lilivyo, Alhamisi angejua kugeuka kutazama kushoto.

Leo baada ya chakula nilirudisha namba kwenye sifuri. Nikaweka Mwavuli, wimbo wa tatu. Baba akakaa, akafumba macho, akasema unaona, wameiharibu tena. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu asubuhi, hata nikayafanyia mazoezi bafuni. Hayakutoka hata moja. Basi nikamwomba asimame. Nikakivuta kiti nje ya utepe mwekundu, nikakigeuza kitazame ukuta wa nyuma. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia akae tu, baba, tafadhali.

Gitaa lilipoingia, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe hadi shavuni. Akauliza nani ameiwasha ile spika. Nikasema hakuna. Akanyanyuka, akakigeuza kiti mwenyewe, akasikiliza. Akakigeuza tena. Mara tatu, kaka, na ugoko wake ule wenye bandeji. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Mwishowe baba akaziba sikio la kulia kwa kidole, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Kisha akaniuliza yule mwenye paka aliandika nini hasa, neno kwa neno. Nikamsomea kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, na safari hii sikio nikaliacha mahali pake. Nikakiri na habari ya rimoti. Akauliza spika niliipandisha namba ngapi. Nikasema kumi. Akarudia, kumi, akatikisa kichwa. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba kuna watu wa kuombwa radhi, fundi wa redio, na Kipara, na mafundi wa studio, na kwamba tuanze na hao wa studio kwa sababu wako mbali, hawatacheka.

Kesho mama atampeleka hospitali, na baba amesema atamwambia msimamizi wa ghala yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Hatujui kama watamrudisha kwenye mashine. Hatujui kama sikio linatibika. Tangu hapo hajanisemesha zaidi ya kuniomba maji.

Bado nina hasira. Na yeye, kwa kulaumu kila kitu chenye waya. Na mimi mwenyewe. Na wewe pia, kaka, nisamehe, maana wewe ndiye uliyenibandika jina la Kimya nikiwa mdogo, nami nikaligeuza kazi.

Naandika nikiwa mezani. Kiti bado kinatazama ukuta, baba ametupa mgongo sisi sote, anasikiliza Ngazi upya tangu mwanzo. Utepe mwekundu uko sakafuni peke yake.

Mama anakusalimu sana na anauliza soksi. Nisalimie wenzako wa chumbani. Nakuomba jambo moja tu: ukipiga simu Jumatano, usianze na salamu. Mwambie kwanza aihamishie simu sikio la kulia. Akishahamisha, ndipo umwamkie.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya