Nyota Mahali pa Herufi

Tabora,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu goti liwe limepoa na uwe unaenda kisimani mwenyewe. Mimi sijambo, ila vumbi la huku limenikausha midomo.

Mwambie anayekusomea asubiri kwanza ukae. Nimempata kaka yako.

Unajua tangu nihamishiwe huku, kwenye ofisi ya kuandikisha watu wa vijiji vya Ujamaa, nilikuwa namtafuta Mjomba Ramadhani, maana ndiko tuliposikia alikopotelea. Kadi za watu zimejaa makabati sita, zimepangwa kwa alfabeti. Za herufi R nilizimaliza zote, hayumo. Kisha mkuu wangu, Bwana Masanja, akarudi kutoka mafunzoni Dar es Salaam, ambako walionyeshwa kompyuta, mashine inayotafuta majina.

"Herufi usiyo na hakika nayo unaiwekea nyota," alinieleza. "Nyota inakubali herufi yoyote, hata mbili."

Papo hapo nikaandika kwenye karatasi: *ama*ani Fe*uzi. Bwana Masanja akacheka. "Sisi hatuna mashine, Zuhura. Na nyota yako iko mwanzoni. Utafungua makabati yote?"

"Nitayafungua."

Wiki tatu, kila wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki na kadi. Kwenye L nikazikuta mbili: Lamazani Feluzi. Karani aliandika kama alivyosikia. Huku hata mimi wengine wananiita Zuhula!

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa Cheyo, pembeni mwa mji. Akaniambia, "Binti, mimi na baba yangu tumezaliwa hapa hapa. Lakini usiondoke bila kunywa uji." Nikanywa, nikaondoka na moyo mzito.

Kadi ya pili ilikuwa ya kijiji kimoja huko Igalula. Jumamosi ya wiki iliyopita nikapanda treni, kutoka stesheni nikatembea kwa miguu. Nilimkuta mzee anapukuchua mahindi, na pua ni yako kabisa, Mama.

"Wewe ni Ramadhani bin Feruzi wa Bagamoyo?"

"Nani anauliza?"

"Mtoto wa Mwanaisha."

Akanitazama mpaka nikaona haya. Nilidhani ataniuliza habari zako. Akasema, "Baba bado amenikasirikia?"

Nikamwambia Babu alifariki kabla ya Uhuru. Gunzi likamdondoka mkononi. Mkewe, Mama Ruthi, muumini wa Kanisa la Moraviani, akaja kumshika bega. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hukutuambia sisi watoto: Babu alimfukuza kwa kumwoa mwanamke Mkristo.

"Nilikuwa nangoja aniite," Mjomba alisema. "Miaka yote hiyo namngoja mtu aliyekwisha kuzikwa."

Tulilia wote watatu. Kisha akauliza kama wewe utampokea Mama Ruthi. Nikamjibu kwa niaba yako, Mama, tena bila kusita.

Nisalimie Baba Mdogo, na Shangazi anayekusukia ukili wa mikeka. Mdogo wangu Tatu mwambie aache kuvaa kanga zangu.

Nimeomba likizo, nimepewa. Mwezi ukiandama tutapanda treni ya kuja pwani, mimi, Mjomba na mkewe. Usiniandikie kwamba tusubiri kwanza ukashauriane na ndugu. Barua hiyo haitanikuta. Tandika vitanda viwili.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Zuhura