Hapo Pana Wenyewe

Bariadi, Jumapili mchana

Shikamoo dada Eliwaza,

Nilifika salama juzi. Nakuandikia nikiwa peke yangu kwenye ngazi za kanisa, upepo unanipiga vumbi, natafuna michembe niliyopewa, vile viazi vitamu vya kukausha. Kwaya niliyotumwa kuifundisha imebaki ya wanawake tu. Tangu chama cha ushirika kiache kununua pamba, wanaume wamekwenda Geita kuchimba dhahabu. Benchi lao la nyuma hufutwa vumbi kila Jumapili, na hakuna anayelikalia.

Leo ibadani, wimbo ulipofika mahali pa besi, ile sauti nzito ya wanaume, akina mama wote walinyamaza. Nilidhani wamesahau, nikaingia mimi kwa sauti kubwa. Wakanitazama tu, wimbo ukafia hapo hapo. Tulipokaa, Mama Kabula, mwenyekiti wao, akaniinamia taratibu.

“Mwalimu, hapo pana wenyewe. Sisi huwa tunawasubiri wamalize, halafu tunaendelea.”

Mume wake na wanawe wawili ni wa benchi lile.

Wimbo wa pili nilinyamaza nao. Kimya chenyewe ni kirefu, dada. Nilisikia mabati yakilia kwa jua na mtoto akikohoa, nikawakumbuka ninyi wa nyumbani. Kisha akina mama wakaingia wote pamoja, bila hata mmoja kuchelewa.

Mpe mama pole ya mguu. Na Jumapili, kwaya yetu ya huko nyumbani mkifika kwenye besi yangu, msimweke mtu mahali pangu. Nyamazeni kidogo, mnisubiri.

Mdogo wako,
Elia