Panya Hawana Haya

Kaka Karisa,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha panya dume, mweupe, mkazi wa maabara ya hapa Kilifi ninapoosha vizimba. Ameacha wajane wawili na watoto ambao hata yeye hakuwajua idadi.

Nimekasirika, lakini si kwa ajili yake. Yeye alipapaswa pumbu kila Jumatatu, na daktari, tena kwa glavu. Uvimbe ulipokuwa punje ya mtama walishaujua. Wako ulifika ukubwa wa dafu, ukafunga kikoi juu yake.

"Busha tu hili," ulisema. "Babu alikuwa nalo na akaoa watatu."

Wenzako wa chumvini Marereni wakakuita Mzee Busha, na ujana wako wote ule. Ukacheka. Wengine wakanong'ona kwamba umelala na mke wa mtu ukanasa kwenye tego la mumewe. Hilo ndilo ulilipenda! Ukawa unatembea kama mwenye sifa. Mume gani, Karisa? Ulinuka chumvi hata mbuzi wakikulamba.

Hakuna aliyekutega. Ilikuwa saratani. Nimewauliza hawa madaktari wa panya, maana mimi nikiosha huku nauliza. Wanasema kwa panya wa ukoo ule uvimbe huanzia tumboni mwa mama. Zile chembe zinazotakiwa kuja kuwa mbegu za uzazi, baadhi hukataa kushika njia yake, zikazaana ovyo. Uvimbe ukipasuliwa, ndani mna nywele, mna mfupa. Kwa binadamu bado wanatafuta chanzo. Ila ukiwahiwa, wakasema, mara nyingi hutolewa na mtu akarudi kazini kwake.

Akarudi kazini kwake! Niliweka ndoo chini nikatoka nje kukutukana. Kwa sauti, kaka. Mlinzi wa getini akadhani namtukana yeye.

Basi juzi, kwenye mahari ya binti yake, namwona Mjomba Kenga anakuja katanua miguu vilevile kama wewe.

"Shikamoo mjomba. Hilo busha la tangu lini?"

"Marahaba. Tangu wewe hujajua kujipangusa."

Nikamwambia kesho twende hospitali. Akanikemea, eti namwaibisha, wakwe watasikia. Wakwe! Nikalitaja pumbu kwa sauti ya mwadhini, mbele ya wakwe wote, kina mama wakajifunika leso usoni. Mmoja alikuwa anacheka, nilimwona. Nikasema nimeshazika mmoja kwa haya zenu, wa pili siziki.

Kesho yake alikuja. Njia nzima alinitangulia hatua kumi, kama hanijui.

Lala, Karisa. Matusi yangu siyaombei radhi, ulistahili. Ila naahidi: neno lile nitalitamka kila hanga la msiba, kila arusi, hadi vijana wa chumvini wawe wanajipapasa wenyewe wakioga, na wakikuta kitu waseme.

La Mjomba lilikuwa busha kweli.