Maua ya Wifi Juu ya Paa la Xiaobei

Wifi yangu mpenzi,

Maua yako yamechanua. Leo asubuhi nilipanda juu ya paa letu hapa Xiaobei, kwa Wachina hawa, kuchuma mchicha wa futari, nikakuta ndoo zako za rangi zimejaa maua meupe yenye moyo wa njano, harufu imeshuka hadi kwenye ngazi. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia, maana mtu wa kwanza niliyetaka kumwita ni wewe, na tangu kaka yako aliponipa talaka sijui kama bado nina ruhusa ya kukuita.

Unakumbuka yalivyoingia nyumbani? Mama mwenye nyumba alituletea bakuli la kokoto na maji, juu yake vitunguu vya maua vinono, akatueleza kwa mikono kwamba vitachanua Mwaka Mpya wao, na vikichanua siku yenyewe nyumba inapata heri. Kichina hukuelewa hata neno moja, lakini heri uliielewa. Ukasema, "Wifi, Mwaka Mpya wao wana maua mji mzima. Haya yetu yatangoja Idi."

Nikakwambia ua halijui Idi ni lini. Wapi! Ukaliingiza bakuli kwenye friji, ukalibana kati ya samaki na tui, ukaniapisha nisiliguse. Ramadhani ilipofika katikati, kaka yako akarudi kutoka Kangle, amechoka kubishana na mafundi wa nguo, akafungua friji kutafuta maji ya futari. Akakutana na maua yamechanua humo humo gizani, yananuka samaki.

"Jamani, nani kazikwa humu?" akauliza.

Tulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Yalipokwisha, mama mwenye nyumba alitaka kuyatupa, kama wanavyofanya wao. "Mei you, mei you," akasema, yaani hamna kitu tena hapo. Ukamjibu kwa Kiunguja chako kitupu, "Bibi we, niachie mie na vyangu," ukapanda paani kuvifukia vitunguu vyake kwenye ndoo, kando ya pilipili na mrehani. Tangu hapo yalikuwa yakitoa majani tu, nami baada ya wewe kurudi kwetu nikikutania kwenye simu kwamba umeniachia shamba la vitunguu majani.

Na si maua tu ninayoyakumbuka. Mimba yangu ilipoharibika, kaka yako alikuwa bandarini Huangpu akihangaika na kontena. Wewe ndiye uliyenikanda kwa maji ya moto. Wewe ndiye uliyesimama dukani kwetu Dengfeng, ukiuza kwa vidole na kikokotoo, jioni ukarudi na uji na umbea wa mtaa mzima ili nicheke. Sijawahi kukushukuru ipasavyo, kwa sababu sisi tulizoea kutaniana, si kushukuriana.

Yaliyonitenga na kaka yako ni yetu wawili, sitayamwaga hapa. Ila tangu yatokee umenyamaza. Naona unasoma ninachokuandikia, hujibu. Juzi mteja mmoja aliniuliza habari zako, akakuita "yule aliyekuwa wifi yako." Nilimfungia mzigo wake vizuri, nikaenda nyuma ya pazia nikajifuta macho. Kuachwa na mume nimeanza kuzoea. Kuachwa na wewe siwezi, wifi, na sitaki kujifunza.

Najua unaona haya. Yeye ni damu yako, na sikuombi uchague upande. Mpikie, mcheke, mtetee akisemwa vibaya, yote sawa. Nataka tu simu yako ilie jikoni kwangu kama zamani, uniulize nimepika nini, kisha uniambie nimekosea.

Nimefikiria sana nitie sahihi vipi. Dada, rafiki, yote nimeyajaribu, hayanikai. Kaka yako alitamka talaka yake. Wewe hujatamka yako, na mpaka uitamke kwa mdomo wako, mimi ni

Wifi yako.