Timazi ya Baba

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kimya changu kirefu. Natumaini wewe, wifi na mjukuu wenu mpya hamjambo. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kuliko mwenyewe.

Uliniomba nikutumie timazi ya baba, ile pia ya madini ya risasi aliyoining'iniza kwa uzi kunyooshea kuta, kwa kuwa mjukuu wako ameota jino la kwanza, naye aiume kama tulivyoiuma sote. Nilipokaa kimya, ukamwambia binti yangu kwamba dada ameukalia urithi kama kuku aliyeatamia mayai viza. Maneno hayo yalinifikia, nikayameza.

Sababu ni mjukuu wangu. Tulimpa timazi alipoanza kuota meno, akaipenda, akawa halali bila kuing'ata. Sasa ana miaka mitatu: hasemi, tumbo humsokota, damu imempungua. Daktari alimpima akakuta risasi mwilini, akauliza nyumbani tuna nini. Nilipoitoa timazi mkobani, aliishika kwa karatasi, kama mtu anayeokota panya.

Alinieleza kwamba risasi ni metali laini. Ukucha huikwaruza na moto wa jiko huiyeyusha. Ndiyo maana babu yetu, aliyemrithisha baba timazi hiyo, aliweza kuiyeyusha na kuisubu mwenyewe uani. Watu wa kale waliifanya mabomba ya maji, na chumvi zake wakazitia katika mvinyo uwe mtamu, wakajiua huku wakisifu ladha. Mwili huidhania chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka akiba mifupani kwa miaka mingi. Na inachoharibu katika ubongo wa mtoto hakitengenezeki. Nilimwambia kwamba kwetu husemwa mtoto aliyeuma timazi hapindi. Akajibu kwamba ni kweli hapindi, hudumaa.

Basi siitumi. Na lile wazo lako la kusubu nyingine kwa risasi ya betri ya gari, liache kabisa. Mpelekeni mtoto akapimwe hata kama hajauma kitu, kwa sababu mama yake, binti yako, aliiuma utotoni, na mifupa ya mama humgawia mtoto risasi angali tumboni.

Lakini kilichonifunga mkono hasa ni kaka yako anayenifuata, huyo anayekukorogea zege. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Alikuwa mtoto wa kulia sana, na baba alimfungia timazi shingoni kwa uzi wake ili anyamaze. Aliinyonya mpaka alipoanza shule, na shuleni hakushika hata irabu. Tukamwita Nusu Tofali. Mpaka leo, ukiwa na wageni, humwita ahesabu mifuko ya saruji ili mcheke.

Daktari amesema hawezi kuapa kwamba chanzo ni hicho, baada ya miaka yote hii. Mimi naweza.

Yeye hajui. Anaamini kwamba Mungu alimuumba pungufu, na kila Ijumaa hulifagia kaburi la baba. Sijui kama nikimwambia nitamtua mzigo, au nitamwonyesha tu aliyemtwika.

Nisalimie wifi. Msalimie na kaka yako, kwa jina lake alilopewa. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kwanza.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa